Nani Ashike Mizani: Safari ya Pamba Bariadi na Simiyu

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, macho yote katika vituo vya Bariadi huelekea kwenye mizani. Mkulima hushusha mzigo wake, karani huupima, na kabla karani hajaandika chochote mkulima husogea karibu asome mwenyewe. Kisha huitamka namba ile kwa sauti, ili jirani yake aliye nyuma kwenye foleni naye aisikie. Mgeni anaweza kudhani kwamba watu hawa hawaaminiani. Lakini anayeijua historia ya Usukuma atatambua kwamba tabia hiyo ina zaidi ya miaka sabini, na kwamba iliwahi kuzaa mojawapo ya vyama vya ushirika vikubwa kabisa barani Afrika.

Watu wamejiuliza kwa muda mrefu kwa nini jamii moja hupiga hatua na nyingine hubaki nyuma. Wapo wanaosema ni ardhi na mvua. Wapo wanaosema ni utamaduni: watu wanathamini nini, na fedha wakiipata wanaitumiaje. Wengine hutaja soko na bei, na wengine mawazo na uongozi. Mkoa wa Simiyu ni mahali pazuri pa kuyapima majibu hayo yote. Uliundwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na ndio mkoa unaoongoza Tanzania kwa kilimo cha pamba. Zao hilo limekuwapo hapa kwa takribani karne moja, chini ya tawala mbalimbali na sera nyingi zinazopingana. Udongo haukubadilika sana katika muda huo, lakini hali ya mkulima ilipanda na kushuka mara kadhaa. Kwa hiyo tukifuata safari ya pamba hatua kwa hatua, tutaona ni kipi hasa kilichokuwa kikibadilika.

Kabla ya pamba, nchi hii ya mashariki ya Usukuma ilikuwa chini ya watemi wa Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa na maeneo ya jirani. Watu walilima mtama na uwele, walifuga ng'ombe, na waliishi katika kaya zilizotawanyika kwenye mbuga na vilima. Mvua haikuwa ya kutegemea, hivyo hakuna kaya iliyoweza kusimama peke yake. Vijana wa kila kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewakusanya kulima shamba la huyu leo na la yule kesho kwa ngoma na chakula. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki na kuangamiza mifugo mingi, na pori lenye mbung'o likaanza kurudi mahali ambapo zamani palikuwa malisho. Jamii iliyoingia karne ya 20 ilikuwa imejeruhiwa, lakini desturi yake ya kufanya kazi kwa pamoja ilikuwa haijavunjika.

Utawala wa Wajerumani, na baada yake wa Waingereza, ulidai kodi kwa fedha taslimu. Kwa mtu wa Ntuzu hiyo ilikuwa na maana moja: ama auze ng'ombe, ama aende kufanya kazi za ujira mbali na kwao, ama alime kitu chenye soko. Pamba ilifaa kwa sababu huvumilia jua na haiozi upesi safarini. Hata hivyo zao la biashara halina thamani mahali ambapo haliwezi kusafirishwa. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaiunganisha Mwanza na bandari ya Mombasa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza, ikipita Shinyanga na Malampaka, ambayo leo iko wilayani Maswa. Tangu hapo shehena ya Usukuma ikawa na njia ya pili ya kufika baharini, kupitia Dar es Salaam.

Je, wakulima walilazimishwa kulima pamba, au waliichagua wenyewe? Wanaosema walilazimishwa wana hoja: kodi ilikuwa lazima, na watemi waliagizwa kuwahimiza watu wao. Lakini shuruti peke yake haielezi yote. Kusini mwa nchi, Wajerumani waliwashurutisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo duni, na shuruti hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Usukuma ilikuwa tofauti, kwani mkulima alilima shamba lake mwenyewe, akiwa na jembe lake na watoto wake. Familia zilihamia mashariki kutafuta ardhi mpya, zikasafisha mapori ya mbung'o, na baadaye zikafunga maksai kwenye plau. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilianza kazi katika miaka ya 1930 na hatimaye kikatoa mbegu zilizowahimili wadudu wanaofyonza majani. Inaelekea basi kwamba kodi ndiyo iliyomsukuma mkulima kutafuta shilingi ya kwanza, ila shilingi zilizofuata alizitafuta kwa hesabu yake mwenyewe.

Alizitumia kwa nini? Maofisa wengi wa kikoloni walilalamika kwamba Msukuma akiuza pamba hununua ng'ombe, nao wakauona huo kuwa ujinga wa mila. Walikosea, kwa maana ng'ombe alifanya kazi ambazo leo tungezigawa kwa taasisi kadhaa. Alikuwa akiba inayozaa, mahari ya kijana, bima ya mwaka wa ukame na nguvu ya kuvuta plau. Mahali ambapo hapakuwa na benki, na mvua ingeweza kukatika mwezi Februari na kuacha bua la mtama likikauka, kuweka fedha katika zizi ilikuwa akili. Utamaduni haukuizuia biashara ya pamba. Uliipokea na kuipa makazi, hata ngoma kubwa za mashindano ya Bagika na Bagalu zikawa zinanoga zaidi baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi na fedha mkononi.

Tatizo lilikuwa sokoni. Serikali ya kikoloni ilipanga bei ya pamba na kutoa leseni kwa wenye viwanda vya kuchambua pamba, kila kiwanda na eneo lake. Wengi wa wenye viwanda na wanunuzi wakati huo walikuwa wafanyabiashara wa asili ya Asia. Nia ya mpango huo ilikuwa kuleta utulivu, lakini matokeo yake yalikuwa mengine. Bei ikishapangwa na ushindani ukishazuiwa, mnunuzi anayetaka faida zaidi hubaki na mahali pawili pa kuitafuta. Pa kwanza ni kwenye daraja, kwa kuiita pamba safi kuwa fifi, yaani ya daraja la chini. Pa pili ni kwenye uzito, kwa kusoma mizani chini ya kilichopimwa. Mkulima asiyejua kusoma namba alirudi nyumbani na fedha pungufu bila ushahidi, na hata aliyejua kusoma hakuwa na mahali pa kuuza isipokuwa palepale. Si kila mnunuzi alikuwa mwizi, ila taratibu zilimpa mwizi fursa na hazikumpa mkulima kinga.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakulima walianza kuitafuta kinga hiyo wenyewe. Paul Bomani, kijana aliyezaliwa mwaka 1925 na aliyekuwa akifanya kazi na chama cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alizunguka vijijini kusikiliza malalamiko na kuwaunganisha watu. Katika vituo mbalimbali wakulima waliweka wapimaji wao, ambao waliipima pamba kabla haijafikishwa kwa mnunuzi. Hatua hiyo ilionekana ndogo, lakini uzito wake ulikuwa mkubwa, maana mkulima sasa alifika kwa karani akiwa na namba yake kichwani. Mwaka 1952 chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kilikuwa kimesimama. Bomani alikwenda Uingereza kusomea ushirika huko Loughborough, na mwaka 1955 vyama viliungana kuwa shirikisho lililojulikana kwa kifupi kama VFCU. Kufikia mwaka 1959 shirikisho hilo lilikuwa likinunua pamba yote ya ukanda wa ziwa, na viwanda vya kuchambua pamba vikaanza kuingia mikononi mwa wakulima. Ndani ya miaka saba mizani ilikuwa imebadilisha mwenyewe.

Wanahistoria wameyaeleza mafanikio hayo kwa njia tofauti. Wengine wanamsifu Bomani na viongozi wenzake. Wengine wanakumbusha kwamba sheria ya ushirika ilikuwapo tangu mwaka 1932, na kwamba maofisa wa serikali walisaidia kukagua hesabu. Wengine wanaona mizizi ya ushirika katika vikundi vya nsumba ntale, ambako kila mtu alijua zamu yake na kila mzembe alijulikana. Maelezo haya hayapingani. Sheria ilikuwa na miaka ishirini kabla haijazaa kitu hapa, kwa hiyo haitoshi peke yake. Desturi ya kusaidiana ilikuwa na karne nyingi, lakini haikuwahi kuendesha kiwanda. Uonevu wa mizani ndio uliompa kila mkulima sababu moja na mwenzake, desturi ikampa imani, na uongozi wenye elimu ukageuza hasira kuwa daftari la hesabu.

Siasa nayo haikukaa mbali. Mwaka 1947 serikali ilikuwa imeanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Lengo lilikuwa kuhifadhi udongo, lakini njia iliyotumika ilikuwa amri: matuta ya namna fulani, mifugo ipunguzwe, na anayekaidi atozwe faini. Chama cha siasa cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954, serikali ilikizuia kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa, na zuio hilo likadumu hadi mwaka 1958. Katika miaka hiyo mikutano ya ushirika ilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo wakulima walichagua viongozi, walisikiliza taarifa ya fedha na walimhoji aliyeshindwa kuieleza. Machafuko yaliyotokea Geita, katika jimbo hilohilo, mwaka 1958 yaliionyesha serikali kwamba amri bila ridhaa haziendeshi nchi. Bomani mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru.

Baada ya uhuru ushirika ulipewa jukumu la kuikomboa nchi nzima kiuchumi. Vyama vilienezwa haraka hata mahali ambapo wananchi hawakuwa wameviomba, kazi zikaongezeka kupita idadi ya watu waliojua kutunza hesabu, na makato kwenye fedha ya mkulima yakazidi. Mwaka 1966 tume ya serikali ilichunguza malalamiko ikakuta udhaifu wa uongozi, upendeleo katika ajira, kuingiliwa na wanasiasa, na wanachama wasioelewa haki zao. Mwaka 1968 shirikisho likageuzwa kuwa chama kikuu kimoja, Nyanza. Kwa mkulima wa Bariadi, ofisi yenye uamuzi ilikuwa imehama kutoka kituo anachokifikia kwa miguu hadi Mwanza, na hakuwa tena na njia rahisi ya kumuuliza aliyeishika kalamu.

Miaka ya 1970 ilileta mabadiliko makubwa mawili. La kwanza ni kuhamia vijijini, ambako katika mkoa wa Shinyanga, uliokuwa ukiijumuisha Bariadi wakati huo, kulishika kasi mwaka 1974. Wazo la Mwalimu Nyerere lilikuwa jema na lilikuwa na faida za kuonekana: shule, zahanati na maji ni rahisi kuvipeleka kwa watu walio pamoja. Lakini uhamisho wa haraka uliwaweka wengi mbali na mashamba yao, na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kila familia kwa ajili ya kiangazi, yakapoteza wenyewe. La pili ni kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Pamba sasa ilinunuliwa na mamlaka ya serikali kupitia kijiji. Mizani ikawa ya umma kwa jina, ilhali mkulima hakuwa mwanachama wa kitu chochote ambacho angeweza kukiitia mkutano.

Uzalishaji ulidorora, na hadi leo watu hutofautiana kuhusu chanzo. Wanaoitetea serikali hutaja ukame wa katikati ya miaka ya 1970, kupanda kwa bei ya mafuta, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Hayo yote yalitokea na yaliumiza kweli. Wakosoaji husema kwamba gharama za mamlaka na thamani ya shilingi iliyopangwa ziliacha kiasi kidogo mno kwa mkulima, na malipo yakachelewa. Ninaona hoja ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu wakulima hawakuacha kulima. Walipunguza pamba wakaongeza mahindi na mpunga, mazao ambayo wangeweza kuyala au kuyauza wenyewe. Ukame haumwambii mtu abadilishe zao la kuuza. Bei na malipo ndivyo humwambia.

Wakati huohuo jamii ilionyesha kwamba uwezo wake wa kujipanga haujafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi wakawa wachache, wanavijiji wa Shinyanga na jirani zake walianzisha sungusungu, na ulinzi huo ukaenea Usukuma yote. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa hifadhi ya ardhi uliofahamika kama HASHI ulifanikiwa kurudisha miti kwa sababu uliacha kuwafundisha watu jambo geni, ukarudia ngitili walizozijua. Mambo haya mawili yana somo moja: mpango ulioanzia kwenye kile watu wanachokiamini ulidumu kuliko ule ulioletwa kwa amri.

Vyama vikuu vilirudishwa katikati ya miaka ya 1980, vikiwa na madeni na imani ndogo ya wanachama. Mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Faida ilionekana mara moja: ushindani na fedha mkononi. Hasara ilijitokeza polepole. Hakuna mnunuzi aliyetaka kumkopesha mkulima dawa za wadudu ilhali pamba ingeweza kuuzwa kwa mwingine, usimamizi wa mbegu ukalegea, na baadhi ya wauzaji wakaongeza maji na mchanga ili kuongeza uzito. Mizani iliyokuwa ikimdanganya mkulima sasa ilidanganywa pia naye, na pamba ya Tanzania ikapoteza sehemu ya sifa yake duniani. Msimu wa 2005/06 nchi ilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu, lakini kilele hicho hakikudumu.

Katika kipindi hichohicho wilaya ya Meatu ilitoa mfano tofauti. Tangu mwaka 1994 mpango wa bioRe umefanya kazi na wakulima wa pamba hai, yaani pamba isiyotumia kemikali za viwandani. Wakulima hupata mafunzo, mnunuzi anayejulikana na nyongeza juu ya bei ya soko. Mvua ya Meatu ni haba kuliko ya Bariadi, hivyo maelezo ya hali ya hewa hayatoshi hapa pia. Kilichofanya kazi ni ahadi inayotekelezwa kila mwaka na pande zote mbili.

Mwaka 2018 serikali iliagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Mwaka 2019 bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakangoja fedha zao kwa miezi. Mwaka 2022 bei ilipanda kwa kasi, na mwaka uliofuata ikaanguka tena. Bei hizo huamuliwa mbali sana na Bariadi, kwa sababu sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa ghafi. Pamba mbegu ikichambuliwa, takribani theluthi moja tu ndiyo nyuzi na nyingi ya iliyobaki ni mbegu zenye mafuta na mashudu. Thamani kubwa huongezwa katika kusokota, kufuma na kushona, kazi ambazo tumeziacha zifanywe na wengine. Jitihada za mkoa kama kiwanda cha chaki cha Maswa na cha maziwa cha Meatu zilitokana na kutambua ukweli huo, na nyuzi za pamba nazo zinasubiri zamu yake.

Sasa turudi kwenye yale majibu manne. Ardhi na mvua viliweka mipaka, lakini haviwezi kueleza kwa nini miaka ya 1950 ilipanda na ya 1970 ikashuka. Utamaduni haukuwa kizuizi. Mara kwa mara ulikuwa msaada pale uliposikilizwa. Soko la dunia lina nguvu ambazo kijiji hakiwezi kuzizuia. Mawazo na uongozi vilisaidia palipokuwa na wa kuvihoji. Hata hivyo, katika kila hatua ya historia hii, hali ya mkulima ilikuwa bora pale alipoweza kuiona mizani, kuisoma, na kumwondoa aliyeichezea. Ilikuwa mbaya kila mizani iliposogezwa mahali asipofika, awe ameisogeza mnunuzi, ofisa wa chama au mtumishi wa serikali.

Kwa hiyo neno langu kwa vijana wa vijiji vyote vya Simiyu ni hili. Babu zenu hawakungoja sheria mpya ili wasimame karibu na mizani. Leo mizani imeongezeka: ipo ile ya kituoni, na ipo nyingine ndani ya daftari la AMCOS, katika orodha ya madeni ya pembejeo na katika taarifa ya mapato na matumizi. Nendeni kwenye mkutano mkuu wa chama chenu, ombeni taarifa isomwe mstari kwa mstari, na msiondoke hadi muielewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pamba ya Usukuma ni ushahidi wa karne nzima kwamba walisema kweli.